Mbegu isiyopimwa si msaada: familia zilizokimbia vita zina haki ya kuomba siku saba

LUBUMBASHI – Kila mwaka, mvua ya kwanza inapopiga vumbi jekundu la Kasungami, Kalebuka na Luwowoshi, majembe yanatoka nyuma ya milango. Wenyeji wanalima, na ndugu waliokimbia vita wanalima pia. Kuna waliotoka Mitwaba, kuna waliotoka Pweto na Manono, kuna waliofika kutoka Kalemie na hata Kivu. Wote wanatafuta vitu viwili: kipande cha udongo na gunia la mbegu. Udongo unakodiwa kwa franka. Mbegu, mara nyingi, inashuka kwenye kamyo ya msaada. Na hapo ndipo uongo unapoanzia.

Uongo wenyewe ni huu: kwamba mbegu ikishagawanywa, msaada umefika. Picha inapigwa, karatasi inatiwa sahihi au dole gumba, kamyo inageuza. Tani zimehesabiwa, kilo zimehesabiwa, familia zimehesabiwa. Kitu kimoja tu hakikuhesabiwa: katika kila punje mia moja, ni ngapi zitakazoota?

Swali hilo ni dogo. Jibu lake linahitaji sahani, kitambaa, maji na siku saba. Lakini kwa sababu hakuna anayeliuliza, familia ambazo zilishapoteza nyumba na shamba zinapotezeshwa pia msimu wa mvua. Hilo si bahati mbaya. Ni uzembe, na uzembe una wenyewe.

Kilo kumi na hesabu yake

Chukua mfano wa mama mwenye watoto watano, aliyekodi kipande cha shamba mbele ya Luwowoshi. Anapewa kilo kumi za mahindi ya kupanda. Kilo moja ya mahindi ina punje kama elfu tatu, kwa hiyo mkononi ana punje kama elfu thelathini. Kwa kilo hizo anaweza kupanda karibu nusu hekta, maana hekta moja inataka kilo ishirini hadi ishirini na tano. Mama analima siku nyingi, anakopa kwa jirani, anapanda.

Siku ya saba inapita. Siku ya kumi inapita. Huku mmea mmoja, kule mmoja, katikati udongo mtupu. Anafukua kwa kidole. Punje iko pale pale, imelainika, imeoza, inanuka. Kama mbegu ile ilikuwa na uwezo wa kuota arobaini tu kwa mia, basi punje elfu kumi na nane alizozika zilikuwa zimekufa hata kabla ya yeye kuinua jembe. Alizika maiti.

Kisha maneno yanaanza. Huyu anamwambia alipanda chini sana. Yule anasema ni mvua. Mwingine, bila haya, anasema watu waliotoka vijijini mbali hawajui udongo wa hapa. Jirani mmoja anataja uchawi. Hakuna anayetaja gunia. Aliyelileta alishaondoka, na katika ripoti yake familia ile imeandikwa upande wa waliosaidiwa.

Mama huyo hawezi kurudia. Katika Lubumbashi mvua inaanza kati ya Oktoba na Novemba na inakwisha kuelekea Aprili. Mahindi mengi yanataka kama miezi minne shambani. Anayepanda katikati ya Novemba anavuna salama. Anayepanda tena mwishoni mwa Januari, kwa mbegu ya kukopa, mvua inamwacha njiani mahindi yakiwa bado hayajajaza punje. Mbegu mbovu hailiwi peke yake: inakula pia kodi ya shamba, nguvu za mgongo, mbolea kama ilikuwepo, na mwaka mzima wa watoto. Mfadhili amepoteza gunia. Mama amepoteza mwaka.

Wanaojificha wanajua kuchagua mbegu

Kuna jambo la kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Katika karitie nyingi za mji huu kuna vijana wanaootesha bangi kwa siri, nyuma ya ukuta au katikati ya mahindi ya wazazi. Sheria ya nchi inakataza, polisi wanawakamata, na vichwa vya vijana wengi vimeharibika. Hakuna cha kusifu pale. Lakini mtu aseme ukweli: hata kijana yule hatupi mbegu udongoni bila kuiangalia. Anachagua, anajaribu chache kwanza, anangoja, ndipo anapanda. Kwa sababu kwake mbegu ile ni pesa.

Mmea wenyewe una safari ndefu katika nchi hii. Jina lake, bangi, lina asili ya Kihindi, na mmea ulitembea kutoka pwani ya mashariki mpaka ndani ya Kongo. Wakaaji wa Lubumbashi wenye asili ya Kasai wamesikia habari za Kalamba Mukenge, mtawala wa karne ya 19, ambaye watu wake waliweka silaha chini, wakavuta bangi pamoja kama alama ya amani, na wakajiita Bena Riamba, watoto wa bangi. Mjerumani Wissmann aliwakuta katika miaka ya 1880 na kuandika habari zao. Mmea haukutembea na miguu yake. Watu walibeba mbegu, wakaikausha, wakaitunza, wakaijaribu, kwa sababu waliihesabu kuwa kitu cha thamani.

Sasa aibu iko hapa. Mbegu inayokatazwa na sheria inapimwa gizani na kijana asiye na diploma. Mbegu ya bukari, ambayo serikali, mashirika na wafadhili wanaisifu mchana kweupe kwenye vipaza sauti, inagawanywa bila kupimwa na watu wenye diploma, magari na kompyuta. Kati ya hao wawili, nani anayeheshimu mbegu?

Mbegu ni kitu hai

Wanaogawa mbegu wanapenda kuisafirisha kama saruji. Lakini saruji haina pumzi. Mbegu inapumua, inazeeka, inakufa. Vitu viwili vinaiua haraka: joto na unyevu. Wataalamu wa mbegu wana kanuni wanayoijua wote: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa sehemu moja tu katika mia, maisha yake yanakuwa mara mbili; ukipunguza joto la ghala kwa digrii tano, maisha yake yanakuwa mara mbili tena. Geuza kanuni hiyo upate ubaya wake: kila unyevu na kila joto linaloongezeka linakata maisha ya mbegu nusu kwa nusu.

Fikiria basi safari ya gunia. Linavuka Kasumbalesa kwenye foleni ya kamyo, siku baada ya siku, chini ya turubai lenye moto. Linaingia depo yenye mabati, isiyo na dirisha. Linalala juu ya simenti tupu, linanyonya unyevu kutoka chini. Linangoja sherehe, kwa sababu mkubwa fulani hayupo mjini na picha haiwezi kupigwa bila yeye. Mbegu ilipotoka kiwandani ilikuwa hai. Inapofika Kasungami, nani anajua?

Na msiba mkubwa ni kwamba mbegu iliyokufa inafanana kabisa na mbegu iliyo hai. Ina uzito ule ule, rangi ile ile, gunia lile lile zuri lenye maandishi. Macho hayatoshi. Cheti hakitoshi. Cheti kinasema ukweli wa siku ile mbegu ilipopimwa. Hakisemi kitu juu ya miezi iliyofuata. Huko Zambia kuna taasisi ya serikali ya kukagua na kuthibitisha mbegu, pale Chilanga. Kongo ina SENASEM, idara ya taifa ya mbegu. Kazi zao ni za lazima. Lakini hakuna muhuri unaoweza kuifufua punje iliyopikwa ndani ya depo.

Jaribio la sahani na kitambaa

Kwa hiyo kila mtu anayepokea mbegu ajue kuipima mwenyewe. Si siri ya chuo kikuu. Bibi zetu wengi walifanya hivyo bila kuliita jina.

Kwanza, mbegu zitolewe sehemu mbalimbali za gunia: juu, katikati na chini. Anayepima za juu tu anajidanganya. Zihesabiwe mia moja bila kuchagua nzuri. Ukichagua nzuri, unapima macho yako, hupimi mbegu.

Pili, kitambaa safi cha pamba kilowanishwe na kukamuliwa mpaka kisitoe matone. Punje zipangwe juu yake zisigusane, kwa mistari kumi ya punje kumi. Kitambaa kikunjwe polepole, kiwekwe kwenye sahani au ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, maana mbegu inataka hewa. Anayezamisha punje kwenye maji siku nzima nzima anaziua kwa kuzinyima pumzi, kisha anaisingizia mbegu.

Tatu, sahani ikae mahali penye joto la kawaida, mbali na jua na mbali na mbabula. Wakati wa baridi ya Juni na Julai mahindi yanachelewa. Oktoba, kukiwa na joto, yanafanya haraka. Kila asubuhi kitambaa kiangaliwe na kunyunyiziwa maji kidogo.

Nne, siku ya nne hesabu ya kwanza, siku ya saba hesabu ya mwisho. Inayohesabiwa ni punje iliyotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Iliyovimba tu bila kutoa kitu haihesabiwi. Yenye ukungu haihesabiwi. Yenye mzizi uliokatika haihesabiwi. Maharagi yangojwe mpaka siku ya tisa.

Kisha hesabu inasema. Zikiota themanini na tano au zaidi, mbegu ni nzuri, panda kama kawaida. Zikiota kati ya sabini na themanini na tano, ongeza punje katika mashimo. Zikiota kati ya hamsini na sabini, mbegu imechoka, na hata zile zilizoota zitakuwa dhaifu chini ya mvua kali. Mtoaji alete nyongeza au abadilishe. Zikiota chini ya hamsini, gunia lirudi lilikotoka, pamoja na sahani kama ushahidi.

Hiyo ndiyo elimu yote. Haihitaji semina ya hoteli.

Rangi nyekundu na maiti wa Iraki

Kuna anayesema: mbegu isipoota, si wataila tu? Maneno hayo yanaua, na yameshaua.

Mwaka 1971 nchi ya Iraki ilipokea shehena kubwa ya ngano na shayiri ya kupanda, sehemu kubwa kutoka Meksiko na nyingine kutoka Marekani. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya zebaki ili zisishambuliwe na ukungu, na zikatiwa rangi ili watu wajue. Lakini maandishi ya hatari kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza, na mkulima wa Iraki hakusoma lugha hizo. Tena, sehemu nyingi mbegu zilifika wakati wa kupanda umeshapita. Familia zikafanya kile ambacho familia yoyote yenye njaa ingefanya: zikasaga, zikaoka mikate. Wengine waliosha rangi kwanza, wakadhani sumu imekwenda na maji. Rangi ilitoka, sumu ilibaki. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa humo.

Soma tena sababu zake: mbegu iliyochelewa, maandishi katika lugha ya wengine, na watu wenye njaa. Hapa Haut-Katanga sababu hizo tatu zinajulikana sana. Dawa za siku hizi si zebaki ile, lakini bado ni sumu. Mbegu yenye rangi ya waridi, nyekundu, kijani au buluu isiliwe, isioshwe ili iliwe, isipewe kuku wala mbuzi, na gunia lake lisitiwe unga. Na anayegawa mbegu ya namna hiyo mwezi wa Januari, kwa watu wasiokuwa na unga nyumbani, huku onyo limeandikwa Kiingereza kwa herufi za sisimizi, asiseme kwamba hakujua. Dunia inajua tangu miaka ya 1970.

Majibu yao na majibu ya majibu

Wakiulizwa, watoaji wana majibu yaliyotayarishwa.

La kwanza ni kwamba maskini hachagui. Hilo ni neno la mtu aliyeshiba. Maskini ndiye mwenye haki kubwa ya kuchagua, kwa sababu hana akiba ya kukosea. Mwenye hekta mia mbegu ikimwangusha, anauza ng'ombe. Mwenye nusu hekta ya kukodi mbegu ikimwangusha, anatoa watoto shuleni. Msaada ambao hauruhusu swali unafanana na amri, na wazee wa nchi hii wanakumbuka kilimo cha amri cha wakoloni, kilicholazimishwa kwa sheria tangu mwaka 1917. Mkulima alipanda alichoambiwa, na hasara ilipokuja ilikuwa yake peke yake.

La pili ni kwamba hakuna wakati. Siku saba! Magunia yanakaa depo wiki tatu yakingojea kipaza sauti, lakini siku saba za sahani hazipatikani. Jaribio linaweza kufanyika wakati gunia linangoja. Halicheleweshi kitu isipokuwa uongo.

La tatu ni kwamba waliokimbia vita wanakula mbegu au wanaiuza sokoni. Ni kweli wengine wanafanya hivyo. Lakini nani aliyempa mtu mwenye njaa kilo kumi za mahindi, bila meka hata moja ya unga, halafu akashangaa? Mashirika makubwa ya chakula duniani yanajua dawa ya jambo hili tangu zamani: mbegu iende pamoja na chakula, ili chakula kiilinde mbegu. Anayetenganisha vitu hivyo viwili amepanga mbegu iliwe.

La nne linasemwa kwa sauti ya chini: hawa watu hawajui kilimo, wataanza kutusumbua na vipimo. Uongo mtupu. Familia za Mitwaba na Pweto zililima kabla ya shirika lolote kufungua ofisi hapa. Zilifunga mahindi ya mbegu juu ya jiko, moshi ukayakausha na kuyafukuzia wadudu. Zilijua mbegu ya bondeni na mbegu ya mlimani. Vita viliwanyang'anya mbegu hiyo pamoja na nyumba. Leo wanaletewa gunia la mtu mwingine na kuambiwa wao ndio wasiojua.

Na kama mtoaji ana wasiwasi wa kubeba mzigo wa vipimo, njia nyingine ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kaskazini mwa Uganda, familia zilizokimbia vita zilipewa kuponi badala ya magunia. Wauza mbegu wa sehemu ile wakaitwa uwanjani siku moja, na kila mama akazunguka, akashika, akauliza, akalinganisha, akachagua. Aliyekuwa na mbegu mbovu alibaki nayo. Kwa nini njia hiyo ifae Uganda na isifae Kasungami?

Wauzaji pia wasijifiche

Lawama si ya watoaji peke yao. Sokoni nako kuna wezi. Katika Uganda na Kenya imeshajulikana kwamba wafanyabiashara wengine wanachukua mahindi ya kula, wanayapaka rangi, wanayatia kwenye pakiti nzuri na kuyauza kama mbegu bora. Mpaka ni mmoja, tamaa ni moja. Anayenunua mbegu katika soko lolote la Lubumbashi aangalie tarehe ya kupimwa kwenye pakiti, aangalie kama pakiti imeshonwa mara mbili, aombe risiti, na nyumbani aweke sahani yake na kitambaa kabla ya kulima shamba lote. Muuzaji mwema hatakasirika. Anayekasirika ameshajibu.

Nasi wenyeji tusijione wasafi. Jirani anayemwona mgeni akizika mbegu asiyoijaribu, naye akanyamaza ili baadaye apate kusema "hawa hawajui udongo wetu", ana sehemu yake katika njaa ile.

Njaa ya mmoja inafika kwa wote

Mkaaji wa mjini anaweza kufikiri kwamba habari hii ni ya waliokimbia peke yao. Aangalie bei ya meka ya unga.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu siku zile tumbo lake limetazama kusini. Union Minière iliwalisha wafanyakazi wake unga wa mahindi uliotoka Rhodesia. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia, lakini kamyo za mahindi hazikugeuza njia. Zambia ikivuna vizuri, Lubumbashi inakula. Zambia ikikauka, Lubumbashi inalia. Tarehe 29 Februari 2024 prezida wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa, na kila mama anayepika bukari katika Katuba, Kenya na Ruashi anajua maana ya tangazo kama hilo. Mkate wa mji unaolala upande mwingine wa mpaka hauna mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, kila nusu hekta inayolimwa na familia iliyokimbia vita ni unga ambao hautanunuliwa Kasumbalesa. Mbegu inayokufa Luwowoshi inaongeza mtu mwingine kwenye foleni ya unga mjini. Anayegawa mbegu mbovu anawaibia waliokimbia kwanza, kisha anamwibia kila mtu anayekula hapa.

Kinachotakiwa kabla ya mvua

Madai si mengi, wala si ghali.

Mbegu za msaada zifike Lubumbashi kabla ya tarehe 15 Oktoba. Zikichelewa mpaka Januari, zisigawanywe kama mbegu za mahindi za msimu ule. Waliochelewa waseme mbele ya watu kwamba wamechelewa, na waeleze kwa nini.

Kila kundi la magunia lipimwe upya hapa hapa, baada ya safari, mbele ya kamati ya waliokimbia na shefu wa karitie. Hesabu iandikwe kwenye ubao mahali mbegu zinapogawanywa: leo, katika mia moja, zimeota ngapi.

SENASEM ishuke kutoka ofisini. Kituo cha INERA cha Kipopo kiko jirani na mji, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha kilimo chenye wanafunzi wanaotafuta kazi za mazoezi. Sahani mia moja na wanafunzi kumi wanatosha kupima mbegu za msimu mzima. Kama wakubwa wa jimbo wanaweza kupata petroli ya kwenda kupiga picha, watapata vitambaa.

Onyo la dawa lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, kabla gunia la kwanza halijafunguliwa. Chakula kitolewe siku ile ile na mbegu. Na mbegu ikishindwa, aliyeileta alipe msimu: kodi ya shamba na chakula cha miezi ile, si pole na tabasamu.

Watasema madai haya ni makali. Ukali wake ni upi? Mwenye duka akiuza radio isiyolia, anairudisha. Mshonaji akiharibu kitambaa, anakilipa. Ni mbegu ya mkimbizi tu ambayo, ikifa, inahesabiwa kuwa kosa la mkimbizi.

Mama anayesimama kwenye mstari na kadi yake mkononi asiogope. Gunia likifika mbele yake, aulize kwa adabu na kwa sauti inayosikika na wa nyuma yake: "Papa, mbegu hii imepimwa lini, na ziliota ngapi katika mia?" Akijibiwa kwa hesabu, apokee na ashukuru. Akijibiwa "Mama, pokea tu", aombe punje mia moja na siku saba. Mstari mzima ukiomba pamoja naye, kamyo haitaweza kugeuza haraka.

Siku ya saba kitambaa kitafunguliwa, na kila mtu ataona. Punje haijui kusema uongo.